Mama na Mwalimu: Maisha ya Mtakatifu Elizabeth Ann Seton (1774–1821)

Katika mwaka wa Jubilei ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia katika imani. Kurasa nyingine za kijitabu hiki zimewataja maaskofu, mapadre na makatekista, na ni haki kabisa watajwe. Lakini imani haikuingia nyumbani mwetu kwa njia ya altare peke yake. Iliingia pia kwa kinywa cha mama aliyemfundisha mwanawe ishara ya msalaba kabla mtoto hajajua kusema sawasawa, na kwa mkono wa mwalimu wa kike aliyeuongoza mkono wa mtoto kuandika herufi ya kwanza. Mama hao na walimu hao ni wengi, na majina ya walio wengi wao hayakuandikwa katika kitabu chochote ila kile cha Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo tumeona vema kusimulia habari za mama mmoja ambaye maisha yake yaliandikwa, tena kwa sehemu kubwa aliyaandika mwenyewe katika barua zake. Hakuwa wa nchi yetu. Alizaliwa Marekani, akafa Marekani, wala hakupata kuiona Afrika. Lakini mwenye kusoma habari zake atakutana na mambo anayoyajua: mtoto asiye na mama, mume mgonjwa, deni, ujane, watoto watano wa kulisha, na shule iliyoanza bila fedha.

1. Utoto na ndoa

Elizabeth Ann Bayley alizaliwa tarehe 28 Agosti 1774 katika mji wa New York, wakati nchi ile ilipokuwa bado koloni la Waingereza. Baba yake, Richard Bayley, alikuwa tabibu mwenye sifa. Mama yake alikuwa binti wa kasisi wa Kanisa la Kianglikana, na Elizabeth alilelewa katika dini hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu mama yake akafa, na mwaka uliofuata mdogo wake akafa pia. Baba akaoa mke mwingine, akazaa naye watoto saba, lakini nyumba ile haikuwa na amani. Elizabeth alikua akiujua upweke mapema kuliko watoto wengine, akajizoeza kusali peke yake na kusoma sana.

Tarehe 25 Januari 1794 aliolewa na William Magee Seton, kijana wa ukoo wa wafanya biashara wenye merikebu. Walipendana kwa kweli. Mungu akawajalia watoto watano: Anna Maria mwaka wa 1795, William 1796, Richard 1798, Catherine 1800, na Rebecca 1802. Siku hizo za raha hazikumfanya asahau wenye shida. Mwaka wa 1797 alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha chama cha kuwasaidia wajane maskini wenye watoto wadogo, akawa mtunza fedha wa chama hicho. Hakujua kwamba baada ya miaka sita yeye mwenyewe atakuwa mmoja wa wajane hao.

Mwaka wa 1798 baba mkwe wake alifariki, akaacha watoto wadogo. Elizabeth, akiwa na miaka ishirini na mitatu, akawapokea wadogo wa mumewe na kuwalea pamoja na watoto wake. Wazee wetu husema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Naye alilea aliowazaa na asiowazaa. Wakati huo huo biashara ya mumewe ilianza kuanguka, hata ikafilisika kabisa, na nyumba yao ikawapotea.

Katika mwaka wa 1801 baba yake, Dokta Bayley, alikuwa mkuu wa afya wa bandari ya New York. Merikebu zilikuja zimejaa maskini kutoka Ireland, wengi wao wagonjwa. Elizabeth alipowaona watoto wachanga wakifa mikononi mwa mama waliokaukiwa maziwa, alitamani kuwanyonyesha yeye, na baba yake akamkataza. Mwezi wa Agosti mwaka huo tabibu huyo alishikwa na homa ya manjano kwa kuwahudumia wageni hao, akafa. Elizabeth aliona kwa macho yake maana ya mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya wengine.

2. Safari ya Italia

William Seton aliugua kifua kikuu. Ikadhaniwa kwamba hewa ya Italia itampa nafuu, na huko walikuwako ndugu wawili wa biashara, Filippo na Antonio Filicchi, rafiki za William. Basi tarehe 2 Oktoba 1803 wakapanda merikebu, baba, mama, na Anna Maria mwenye miaka minane. Wale wadogo wanne waliachwa kwa jamaa.

Walipofika bandari ya Livorno, wakuu wa mji waliogopa homa ya manjano iliyokuwa New York, wakawaweka karantini katika nyumba ya mawe kando ya bahari. Baridi ilikuwa kali, upepo ulipenya, na mgonjwa alikohoa damu. Elizabeth aliandika kila siku mambo yaliyowapata humo: jinsi alivyomfunika mumewe, jinsi alivyosali pamoja naye, na jinsi alivyomchezesha mtoto kwa kamba apate joto. Karibu mwezi mmoja walikaa hivyo. Wakafunguliwa siku chache kabla ya Noeli, na tarehe 27 Desemba 1803 William alifariki katika mji wa Pisa. Elizabeth akabaki mjane mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, mbali na kwao, bila mali.

Hapo ndipo tunapoona jinsi wema wa Wakristu unavyoweza kuhubiri kuliko maneno. Jamaa ya Filicchi walimpokea yeye na bintiye kama ndugu. Aliwaona wakienda Misa takatifu, wakifunga, wakisali pamoja nyumbani. Jambo lililomgusa kuliko yote ni Sakramenti ya Altare. Alijiuliza: je, ikiwa ni kweli kwamba Bwana wetu yumo humo, wamo watu gani wenye heri kama hawa, ambao humkuta kanisani kila siku? Na tena, yeye ambaye hakumkumbuka mama yake mzazi, alivutwa na jambo la kumwita Bikira Maria mama.

3. Mlango mwembamba

Alirudi New York mwezi wa Juni 1804. Hakujiunga na Kanisa Katoliki mara moja. Kwa muda wa miezi tisa moyo wake ulivutwa huku na huku. Kasisi wa dini yake, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alimpa sababu za kukaa. Antonio Filicchi alimpa sababu za kuja. Alisoma vitabu vya pande zote mbili hata akachoka. Mwishowe, tarehe 14 Machi 1805, aliungama imani Katoliki katika kanisa la Mtakatifu Petro, ambalo wakati huo lilikuwa kanisa pekee la Wakatoliki katika mji wote wa New York. Tarehe 25 Machi, sikukuu ya kupashwa habari Bikira Maria, alipokea Komunio yake ya kwanza. Mwaka uliofuata Askofu John Carroll alimpa Kipaimara.

Wasomaji wetu wengi wanajua katika koo zao wenyewe gharama ya kubadili dini. Wakatoliki wa New York siku zile walikuwa watu wa kudharauliwa, wengi wao vibarua na wageni maskini. Na usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka wa 1806 wakorofi walilizingira kanisa lile la Mtakatifu Petro, fujo ikatokea. Marafiki wa zamani wa Elizabeth walianza kumkwepa njiani. Alijaribu kufundisha katika shule ndogo, uvumi ukaenea kwamba anataka kuwageuza watoto dini, na shule ile haikudumu. Akafungua nyumba ya kuwapangisha wanafunzi wa kiume; nayo ikapunguka watu. Shemeji yake mdogo, Cecilia, alipoingia Ukatoliki mwaka wa 1806, hasira ya jamaa ikazidi. Mjane huyu alikuwa na vinywa vitano vya kulisha, na kila mlango alioujaribu ukafungwa.

4. Shule

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Padre mmoja Mfaransa wa Shirika la Saint-Sulpice, Louis William Dubourg, aliyekuwa mkuu wa chuo katika mji wa Baltimore, alimwita aje kufundisha wasichana. Akafika huko mwezi wa Juni 1808 na binti zake watatu, na wanawe wawili wakawekwa shuleni karibu. Katika nyumba ndogo ya mtaa wa Paca, ubavuni mwa seminari, akaanza kufundisha. Wanawake vijana wenye nia ya kumtumikia Mungu wakamjia. Tarehe 25 Machi 1809 aliweka nadhiri mbele ya Askofu Carroll, na tangu siku hiyo watu wakamwita Mama Seton.

Mseminari mmoja tajiri, Samuel Cooper, naye mwongofu kama yeye, alitoa fedha za kununua shamba karibu na kijiji cha Emmitsburg, bara ya Maryland, ili wasichana maskini wafundishwe huko. Tarehe 31 Julai 1809 Mama Seton na wenzake wakaingia katika nyumba ya mawe ya shamba hilo, watu kumi na sita katika vyumba vinne. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Masista wa Upendo wa Mtakatifu Yosefu, shirika la kwanza la masista wa kazi za huruma lililoanzishwa katika Marekani yenyewe. Wakati wa baridi theluji ilipenya paani ikawaangukia vitandani. Kahawa yao ilikuwa ya karoti. Wengi waliugua. Harriet, shemeji yake mwingine, alikufa mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na Cecilia mwezi wa Aprili 1810.

Hata hivyo mwezi wa Februari 1810 wakahamia nyumba kubwa zaidi ya mbao, na tarehe 22 ya mwezi huo shule ya bure ikafunguliwa kwa wasichana wa vijiji vya jirani. Baada ya miezi michache wakaja na wasichana wa bweni, ambao wazazi wao walikuwa na uwezo. Na hapa tuangalie busara ya mama huyu katika mambo ya fedha, kwa maana wenye shule zetu wamekuwa na taabu ile ile. Fedha za sadaka hazikutosha. Karo ya watoto wa bweni ndiyo iliyowalisha masista na kuwafundisha maskini bure. Hivyo mwenye nacho alimchukua asiye nacho, na wote walisoma chini ya paa la nyumba moja.

Walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, sarufi na jiografia. Wa bweni wakajifunza pia Kifaransa, muziki na kazi ya sindano. Na wote wakafundishwa katekismu. Mama Seton mwenyewe alizunguka madarasani, akawaandaa watoto kwa Komunio ya kwanza, akawaandikia wale waliokwisha kuondoka barua za kuwatia moyo. Aliwaeleza wasichana wazi kwamba hakusudii kuwafanya wote masista, bali kuwafaa kwa ulimwengu watakaoishi, wapate kuwa mama wema wa nyumba. Tunaomba walimu wetu walipime neno hilo. Mwalimu huyu hakutaka watoto wafanane naye. Alitaka kila mmoja awe vile Mungu alivyomwitia.

Ni haki tuseme na lililopungua. Maryland ya siku zile ilikuwa nchi ya utumwa. Watu weusi walinunuliwa na kuuzwa, na hata nyumba za dini na seminari za Wakatoliki zilitumia kazi ya watumwa. Shule ya Emmitsburg ilikuwa ya wasichana weupe. Sisi wa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki, ambao wazee wetu waliyajua masoko ya watumwa, na ambao misioni ya Bagamoyo ilianza mwaka wa 1868 kwa kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Lakini tumshukuru Mungu kwamba katika mji ule ule wa Baltimore, mwaka wa 1829, miaka minane baada ya kufa Mama Seton, mwalimu mweusi Mary Elizabeth Lange aliweka nadhiri pamoja na wenzake watatu, wakawa shirika la masista weusi la kuwafundisha watoto weusi. Na padre aliyewasaidia alikuwa wa Shirika lile lile la Saint-Sulpice. Mwaka wa 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza Mama Lange kuwa Mheshimiwa. Kazi ambayo mmoja hakuifikia, Mungu alimpa mwingine.

5. «Mimi ni mama»

Sasa tumefika penye moyo wa habari hii. Mama Seton alikuwa mkuu wa shirika, na papo hapo alikuwa mzazi wa watoto watano wasio na baba. Je, mtu aweza kuwa mtawa na mama pamoja? Mapadre wakubwa wake walitaka shirika lifuate kanuni za Mabinti wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, zilizoletwa kutoka Ufaransa mwaka wa 1810. Kanuni hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mtu mwenye watoto wa kulea. Isitoshe, mmoja wa wakubwa hao alifikiri kumweka sista mwingine mahali pake. Mama Seton aliteswa na mambo hayo muda mrefu. Kutii alitaka; shirika alilipenda. Lakini watoto alipewa na Mungu kwanza, na nadhiri yoyote ambayo ingemtenga nao aliiona si mapenzi ya Mungu. Mwaka wa 1811 aliandika katika barua kwamba kwa kila swali analoulizwa neno lake ni moja tu, kwamba yeye ni mama. Na lolote linalopatana na neno hilo, yu tayari kulipokea.

Hakugomba, hakutoroka, wala hakuficha. Alisema neno lake kwa Askofu kwa heshima, akangoja. Mwezi wa Januari 1812 Askofu Mkuu Carroll akazithibitisha kanuni zikiwa zimerekebishwa ili zifae nchi ile, na Mama Seton akaruhusiwa kubaki mlezi wa watoto wake. Hivyo sheria ya shirika ilipanuliwa kidogo, ipate kuingia mama na watoto wake.

Naye hakuitumia ruhusa hiyo kwa raha. Mwezi wa Machi mwaka ule ule Anna Maria, yule binti aliyekuwa naye katika karantini ya Livorno, alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka kumi na sita, baada ya kuweka nadhiri kitandani. Mama alizama katika huzuni nzito kwa miezi kadhaa, hata waliomzunguka wakaogopa. Mtakatifu huyu hakuwa jiwe. Padre Simon Bruté alimsaidia kurudi polepole katika amani. Kisha mdogo wa mwisho, Rebecca, aliyeanguka penye barafu na kuumia mguu, aliteseka miaka mingi, akafa mwezi wa Novemba 1816 na umri wa miaka kumi na minne, mama yake akiwa amempakata.

Wavulana nao walimpa wasiwasi wa namna nyingine. Waliipenda bahari kuliko vitabu, na barua zake kwao zimejaa maonyo na upendo wa mama asiyelala. Richard alikufa mwaka wa 1823, akiwa safarini katika bahari ya Afrika ya Magharibi, baada ya kumwuguza mgonjwa huko Liberia. William alitumikia katika merikebu za vita za nchi yake, akaoa, akaishi hata 1868. Catherine akawa Sista wa Huruma mjini New York, akawatembelea wafungwa gerezani miaka mingi, akafa mwaka wa 1891 mwenye miaka tisini.

6. Kufa kwake na matunda yake

Kifua kikuu kilichowachukua mumewe na bintiye kikamshika na yeye. Alikufa Emmitsburg tarehe 4 Januari 1821, mwenye miaka arobaini na sita. Siku za mwisho aliwausia masista jambo moja: wawe watoto wa Kanisa. Kwa wakati huo walikuwa wamekwisha kwenda kulea mayatima Philadelphia tangu 1814 na New York tangu 1817.

Wengine humwita mwanzilishi wa shule Katoliki za Marekani. Tusimvike asichohitaji: masista Waursula walikuwa wakifundisha wasichana katika New Orleans tangu mwaka wa 1727. Lakini shule ya bure ya Emmitsburg ilikuwa mbegu njema, na masista waliotoka katika shina lile walienea Marekani na Kanada, wakajenga shule, hospitali na nyumba za mayatima. Baba Mtakatifu Yohane wa 23 alimtangaza Mwenye Heri tarehe 17 Machi 1963, na Paulo wa 6 akamtangaza Mtakatifu tarehe 14 Septemba 1975. Ndiye mzaliwa wa kwanza wa Marekani kupewa heshima hiyo. Sikukuu yake ni tarehe 4 Januari.

Wapenzi wasomaji, tunapotoa shukrani za Jubilei, tumkumbuke mama huyu, na pamoja naye mama na walimu wa parokia zetu. Wapo waliofundisha chini ya mwembe, kwa ubao mmoja na chaki iliyokatwa vipande, kisha jioni wakarudi kupika na kuuguza. Wapo waliozika watoto wao wenyewe na kesho yake wakawafundisha watoto wa wengine. Walio hai tuwaheshimu sasa, kabla ya kuwaandikia tanzia. Waliolala tuwatajie katika Misa takatifu. Na wewe mama unayedhani kwamba kazi za nyumba zimekuzuia usimtumikie Mungu, kumbuka neno la yule mjane wa Emmitsburg: aliulizwa mambo mengi, akajibu kwamba yeye ni mama, na kwa njia hiyo hiyo akafika mbinguni.

Mtakatifu Elizabeth Ann, utuombee.